Usiku Kucha

Usiku kucha nasikia kucha.
Tak, tak, tak, kutoka jikoni hadi mlangoni,
tak, anageuka, tak, tak, anarudi,
nami kitandani nahesabu vigae.
Alipokuwa hai Mwakio sauti hii haikuwako.
Alfajiri walitoka wawili, yeye na Saruji,
wakishuka Mikindani hadi relini,
na lami ikawapiga tupa wote:
mbwa kucha, mzee soli za raba.
Mimi nilinung'unikia raba tu.

Tangu matanga, safari ya Saruji ni vigae kumi na vinne.
Kucha zimepinda kama mishikio ya bakora,
mmoja umeanza kumrudia mwenyewe nyamani.
Nikatwaa koleo nililouziwa Makupa,
duka la dawa za mifugo. Kucha zake ni nyeusi tii.
Ukucha mweupe ukiumulika huonyesha uzi wa waridi,
pale damu inapoishi. Mweusi hausemi.
Nikakata kama nakata bamia.

Hakulia sana. Alinitazama
kama mtu aliyekopesha asilipwe,
kisha akatembea, akatia nukta
vigae vyote kumi na vinne.
Nikambana kidole kwa unga wa ngano
(chapati za siku ile hazikupikwa),
nikahesabu hadi mia tano, damu ikakoma.

Baada ya hapo nikawa nashika mguu tu.
Jioni, taarifa ya habari ikiisha,
nashika, nampa kipande cha ini, naachia.
Nashika, ini, naachia. Siku tisa bila chuma.
Ya kumi nikaliweka koleo chini alinuse,
nikalibana hewani, likasema tik, nikampa ini.
Muuza nyama akauliza nyumbani nani kapungukiwa damu.

Taa yangu hafifu, macho yangu ya miaka sitini na saba.
Bi Mwanakheri akasimama ng'ambo ya kijiukuta,
buibui kaikusanya mkono mmoja, simu mkono wa pili.
"Mbwa simgusi, wajua. Lakini mwanga haushiki najisi."
Akamulika.
"Kata mshazari. Chembe. Chembe, nimekwambia!"
Yeye hajafuga hata kuku.

Nikakata chembe, nikatazama uso wa mkato:
mkavu, kama chaki. Chembe nyingine.
Mpaka katikati likachungulia doa jeusi, bichi,
kama jicho la samaki wa leo.
Hapo ndipo mkono hupaswa kucha,
ile kucha ya kumcha Mungu,
kuogopa kwa adabu, ukasita.

Ukucha mmoja kwa jioni moja.
Saruji akajifunza kulaza kichwa gotini kwangu,
akikoroma ovyo, malori ya Jomvu yakinguruma,
joto la kaskazi likitugandisha mimi na yeye.
Jumla kumi na nane,
pamoja na zile mbili za kando, juu ya kifundo,
zisizogusa ardhi, ambazo kila mtu husahau.

Hizo niliziacha za mwisho.
Nikavuta manyoya, Bi Mwanakheri akasogeza mwanga.
Ulikuwa mrefu, ndiyo, umeanza kupinda,
lakini ncha yake ilikuwa bapa.
Imekatwa mshazari. Imepigwa tupa pembeni
isikwaruze.
Lami haifiki pale. Lami haijawahi kufika pale.

Miaka kumi na moja, na hakuniambia.
Lini? Wapi? Nani alimmulikia?

Nikakata chini kidogo ya mkato wake.
Ile ncha ikaruka, nikaitafuta kwa vidole,
nikaitia kwenye kopo la vifungo.

"Umemtoa damu?" akauliza Bi Mwanakheri.
"La."
"Basi walilia nini?"

Usiku ule vigae vilinyamaza.
Nililala macho, sikio mlangoni,
mara mbili nikainuka kumgusa pua.
Kukacha. Nikachukua mnyororo msumarini,
nikavaa zile raba, kubwa kwangu namba mbili,
soli zimelika upande wa kulia.